Pingili Iliyopinda Katika Damu Yetu

Kama umemeza dawa, kisha siku ya pili au ya tatu ukakojoa maji ya rangi ya turungi, ile chai isiyo na maziwa, usimalize vidonge vilivyobaki. Rudi hospitali navyo mkononi. Mimi nilivimaliza. Nilikuwa nimeambiwa nimeze viwili asubuhi, viwili mchana na viwili jioni kwa siku saba, na mimi ni mtu wa kufuata maagizo. Mtu mzembe angesahau siku ya tatu na pengine angepona. Mimi niliandika kila kipimo nyuma ya kitabu changu cha kazi na kutia alama pembeni.

Vilikuwa vidonge vya salfa. Nilivinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza dawa siku za soko, kwa sababu ya jipu kwenye paja lililonizuia kutembea, na kazi yangu ni kutembea.

Nilikuwa mshika mnyororo. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Walowezi walikuwa wakihama Uasin Gishu, watu wakajiunga vikundi na kununua mashamba yao, na shamba likishanunuliwa ilibidi aitwe sorovea kuligawanya. Sorovea alikuwa na darubini yake. Sisi wawili, mimi na Kiprono, tulikuwa na mnyororo wa chuma wenye pingili mia moja. Yeye alishika mwisho wa mbele, mimi wa nyuma. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, tuliulaza kati ya vigingi viwili pale kambini ambavyo umbali wake ulikuwa umepimwa kwa hakika. Pingili moja ikipinda huwezi kuiona ukiwa unatembea. Lakini ukipima mara hamsini, kosa linajirudia mara hamsini, na mtu wa kiwanja cha mwisho anakuta choo chake kiko kwa jirani.

Tulikuwa tunapima shamba moja upande wa Turbo, mvua za masika zikiwa zimeanza na watu wakipanda mahindi hata kabla hatujawaonyesha mipaka. Siku ya nne ya vidonge Kiprono alinitazama usoni tulipokuwa tunakunja mnyororo.

"Zakayo, macho yako yamekuwa kama mahindi."

"Ni vumbi."

"Vumbi ya wapi, na mvua imenyesha wiki mbili? Wewe unakunywa chang'aa kwa siri. Na vile unatuhubiria hapa."

Nilicheka. Mgongo ulikuwa unaniuma kiunoni kama mtu aliyebeba magunia, na kila tulipopanda mteremko moyo ulinipiga hadi masikioni. Niliandika hayo pia. "Siku ya 5: pumzi fupi. Mkojo mweusi. Vidonge sita." Siku ya saba, jioni tukiwa bado kazini, nilimeza viwili vya mwisho, nikaweka alama, nikachukua mwisho wangu wa mnyororo na kuanguka kifudifudi kwenye matuta ya mtu. Kiprono alinivuta hadi kwenye gari la sorovea. Huniambia hadi leo kwamba niliendelea kuushika mnyororo na ilibidi anifungue vidole.

*

Hospitalini Eldoret niliketishwa kwenye benchi pamoja na watu wengine wenye homa. Kulikuwa na baridi ile ya milimani inayopanda kutoka sakafuni, na mvua juu ya mabati ilituzuia kusikia majina yakiitwa. Mke wangu, Peresi, alisimama mlangoni mwa chumba cha daktari ili jina langu lisipite. Mtu wa kando yangu alisogea mbali kidogo. Sikumlaumu. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeoga unga, na macho ya njano.

Waliniongeza damu. Peresi alipimwa, damu yake ikakataa. Kiprono alipimwa, ikakubali. Alikuja kunitembelea akiwa na pamba kwenye mkono.

"Sasa utaacha samaki zenu," akasema. "Hiyo damu imezoea mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Ukiipatia samaki itakutoroka."

Ni maneno madogo, lakini ndiyo yaliyonifanya nile siku ile. Nayaandika hapa kwa sababu mgonjwa husahau kwamba alichekeshwa, hukumbuka maumivu tu.

Siku ya tatu alikuja mama yangu. Jina lake ni Abigaeli. Tulikuwa tumemleta kutoka nyumbani, karibu na ziwa, tulipopata kiwanja chetu upande wa Turbo. Aliketi chini kando ya kitanda akanyoosha miguu. Pale chini kulikuwa na chupa ya mkojo wangu ambayo daktari alitaka aione. Mama aliitazama. Kisha akafungua leso yake ya mabegani, akaifunika ile chupa, taratibu, kama anavyofunikwa mtu.

"Ni ile," akasema.

Nilielewa bila kuuliza. Nilikuwa na ndugu wawili wa kiume. Mmoja alizaliwa, akawa wa manjano siku ya nne, na kabla ya wiki mbili akazikwa. Wa pili alikuwa ameanza shule. Alishikwa na homa, akapewa dawa, akakojoa maji meusi, akafa. Tukabaki mimi na dada yangu Dorika. Shangazi zangu, upande wa baba, walisema mbele za watu kwamba tumbo la Abigaeli linakula wavulana, na kwamba damu ya kwao ni mbaya. Baba alipofariki walimwambia asishike hata mwiko jikoni siku ya matanga. Nilikuwa mtu mzima nikiona hayo. Ndiyo sababu nilimhamisha.

*

Nilitoka hospitali wakati mahindi yalikuwa yamefika magotini. Daktari, kijana aliyekuwa ameletwa karibuni, alikuwa amepeleka damu yangu Nairobi, na aliniambia nirudi majibu yakija. Nilirudi mara tatu bure. Mara ya nne, watu wakiwa kwenye palizi la pili, aliniita ndani na kufunga mlango.

"Una ndugu wa kiume?"

"Nilikuwa na wawili."

"Walikufaje?"

Nilimwambia. Aliandika, kisha akaweka kalamu chini. Aliniambia kwamba ndani ya chembe nyekundu za damu kuna vimeng'enya, na kimoja kati ya hivyo kazi yake ni kuzilinda chembe hizo ili dawa kali zisizipasue. Changu ni dhaifu. Siku za kawaida sijui lolote. Nikimeza salfa, au dawa fulani za malaria, au hata nikipata homa kali, chembe zinapasuka nyingi kwa mara moja, na ule weusi wa mkojo ni damu yenyewe.

"Kwa nini changu ni dhaifu?"

"Kimeng'enya ni kama mnyororo," akasema. "Mnyororo wenye mamia ya pingili. Kila pingili inaitwa asidi amino, na kila moja ina mahali pake."

"Changu kimeharibika pingili ngapi?"

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mwalimu?"

"Mimi ni mshika mnyororo wa sorovea. Nilisoma hadi darasa la nne, mengine nimejisomea."

"Wataalamu wanaamini ni moja."

"Moja tu."

"Moja tu. Mahali pake imekaa nyingine inayokaribia kufanana nayo. Kwa hiyo mnyororo unajikunja vibaya na hauwezi kazi."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Hilo nililijua kwa mikono yangu.

Halafu akaniambia sehemu ambayo sikuijua. Kosa hili hutoka kwa mama. Mama mwenyewe kwa kawaida haugui, hubeba tu, na humpa mtoto kwa bahati, huyu anapata na huyu hapati. Wanaougua zaidi ni wavulana. Mimi siwezi kuwapa wanangu wa kiume, lakini binti zangu wote wawili wanabeba, kwa hakika, na wana wao wa kiume wamo hatarini. Dada yangu pia huenda anabeba. Akanipa orodha ya vitu vya kuepuka, nami nikaiandika: salfa, dawa za malaria alizozitaja kwa majina, na vile vidonge vyeupe vinavyowekwa ndani ya nguo kufukuza nondo. "Hasa kwa mtoto mchanga," akasema. "Harufu yake peke yake inatosha kumdhuru."

Nilikunja karatasi. Nje kwenye benchi nilikaa muda mrefu, ingawa hakuna aliyekuwa ananingojesha. Nilikuwa nikiwaza jambo moja: kwamba shangazi zangu walikuwa wamesema hutoka kwa mama, na daktari amesema hutoka kwa mama. Nikipeleka karatasi hii nyumbani, nitakuwa nimewapelekea ushahidi wenye muhuri wa Nairobi.

Basi nikanyamaza. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Ugonjwa wenyewe uliniumiza kwa miezi. Kunyamaza kulituumiza zaidi.

Peresi nilimpa nusu. Nilimwambia dawa za kumeza za kuepuka, ya nondo sikuitaja, wala sikumwambia zinahusu nani.

"Roda na Salome pia wasitumie salfa," nikasema. Hao ndio binti zetu.

"Kwa nini, na mgonjwa ni wewe?"

"Ni tahadhari."

"Tahadhari. Unaandika kila kitu kwa hicho kitabu chako. Basi andika na ya kwangu nisome, maana kwa mdomo hakutoki kitu." Akaendelea kuchambua mboga. Siku nyingi baada ya hapo alizungumza nami kuhusu ng'ombe na mvua tu.

*

Mama alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na blanketi moja la sufu, la rangi ya maziwa, alilolinunua alipokuwa na mimba yangu. Mimi nililazwa ndani yake, Dorika pia, na wanangu wote. Ndugu zangu wale wawili hawakuwa wamelazwa humo. Walizaliwa kabla ya mimi, kabla ya blanketi, na Mama aliamini moyoni kwamba blanketi lile ndilo lililotuokoa. Kwa hiyo kila mtoto wa ukoo wake lazima azungushiwe hilo kwanza kabla ya nguo nyingine, na mtoto akishakua linarudi sandukuni. Nyumbani kwetu ziwani alikuwa akilikinga na nondo kwa majani makavu ya kunuka. Alipokuja huku hakuyaona majani hayo, na akaonyeshwa dukani vile vidonge vyeupe.

Roda alikuwa ameolewa na mwalimu kule Moiben, na alikuwa na mimba ya kwanza. Jumapili moja, Mama na Peresi wakiwa kanisani, nilifungua sanduku. Nilitoa vidonge kumi na kimoja, nikavitupa chooni, nikalianika blanketi hadi karibu na saa ya wao kurudi, nikalikunja kwa mikunjo yake ileile. Niliona nimefanya kazi safi. Sikumwambia mtu, kwa sababu kumwambia Mama kuhusu vidonge kungeniingiza kwenye swali la kwa nini, na swali la kwa nini lingeishia kwake.

Roda alijifungua mvulana wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamelimwa yanangoja mvua. Wakamwita Amosi. Mimi nilikuwa kambini. Mama na Peresi walitangulia Moiben, nami nikafika siku ya sita. Mkwe wangu alinipokea uani akicheka, akanipokonya kofia, akaniambia, "Karibu, babu mpya." Nilikuwa nimeweka mguu mmoja kizingitini niliposikia ile harufu.

Niliinusa kabla sijamwona mtoto. Ilikuwa kali kuliko siku ile ya sanduku.

Mama alikuwa amempakata kwenye kona, ndani ya blanketi. Niliona nyayo ndogo zimetokeza. Zilikuwa za manjano.

"Hanyonyi leo," Roda akasema. "Amechoka tu. Analala sana."

"Mama, umeweka nini ndani ya hii blanketi?"

"Dawa ya nondo," Mama akajibu. "Nilikuta ile ya kwanza imeibwa yote. Hapo kwako kuna mwizi wa ajabu, anaacha blanketi anaiba dawa. Sasa nikanunua mara mbili, nikaweka kila mkunjo, nondo asiguse kitu ya mtoto."

Nilimnyang'anya mtoto. Sijawahi kumnyang'anya mama yangu kitu chochote, kabla au baada. Nililivua blanketi nikalitupa nje, nikamfunga mtoto ndani ya shati langu. Mama alibaki na mikono imekunjwa vilevile, kama bado amempakata.

Lori la mahindi lilitubeba hadi Eldoret. Daktari alikuwa yuleyule. Aliniuliza jambo moja tu, "Hukuwaambia?" na hakungoja jibu. Walibadilisha damu ya mtoto kidogo kidogo, wakitoa na kuongeza, kutwa nzima, na mara hii Roda na mimi ndio tuliokaa kwenye benchi. Mkwe wangu alitembea uani. Jioni muuguzi alitoka akasema yuko hai. Roda alilala kwenye bega langu. Hakuwa bado anajua nilichofanya, na niliuhisi uzito wa kichwa chake kama deni.

*

Amosi alinenepa. Mvua zilikuja, mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakakomaa, na kila mtu aliyemwona alisema Mungu ni mwema. Shingo yake ilichelewa kukaza, tukasema watoto hutofautiana. Msimu wa mavuno Roda alimleta kwetu. Tulikuwa tumemkalisha kwenye mkeka uani, Mama akipukuchua mahindi kando yake, na Peresi akaangusha mfuniko wa sufuria kubwa kwenye saruji nyuma ya mtoto. Kuku waliruka. Mimi niliruka. Amosi aliendelea kuchezea gunzi.

Peresi aliokota mfuniko. Alinitazama, kisha akauangusha tena, kwa makusudi.

Roda aliinuka akaingia ndani.

Daktari alituambia kwamba ile manjano ilikuwa imefika kichwani kabla hatujafika kwake, na ikachukua masikio. Siku chache tu zingetosha kubadilisha jambo hilo. Siku hizo chache nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo tangu palizi hadi kiangazi.

Nilimweleza kwanza Roda, kisha Peresi. Roda alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mtoto mwingine akizaliwa itakuwaje, nikamwambia. Miezi mingi hakuniita Baba, alisema "wewe". Peresi alisema, "Nilikuomba uandike nisome." Hayo sijayafuta na sitarajii yafutike.

Mama nilimwacha wa mwisho. Nilimkuta kwenye mkeka na Amosi, mahindi yakiwa yamejaa ungo. Nilimweleza kama daktari alivyonieleza: mnyororo, pingili moja, kwamba yeye hakuumba kosa bali alilipokea kwa aliyemzaa, ambaye naye alilipokea. Nilimwambia mwizi wa dawa ya nondo alikuwa mimi.

Aliendelea kupukuchua. Hindi likaisha, akachukua lingine.

"Kwa hivyo mawifi zangu hawakudanganya," akasema.

"Walisema uchawi, Mama. Huu si uchawi."

"Walisema inatoka kwangu, na inatoka kwangu." Punje zilikuwa zikidondoka kwenye ungo. "Wewe Zakayo. Ulinikinga na neno moja, neno ambalo nimelisikia tangu ukiwa mgongoni. Neno nilishalizoea. Ungenikinga na ile dawa."

Niliokota punje zilizorukia kwenye mkeka, nikazirudisha kwenye ungo.

Mama akauliza, "Dorika anajua?"

Nikatoa mfukoni barua niliyokuwa nimemwandikia dada yangu, siku nyingi, bila kuituma. Dorika ana wana wawili wa kiume.

"Soma."

Nilisoma. Ilianza na kuugua kwangu, kisha dawa za kuepuka, na mahali pa kusema hutoka kwa nani nilikuwa nimeandika, "Ugonjwa huu umo katika ukoo."

"Mkipima shamba mnaanzia wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye bikoni, alama ya mpaka ambayo mahali pake panajulikana."

"Mkianzia mahali popote tu?"

"Kila kitu kitakuwa kombo."

"Basi umeanzia mahali popote tu. Andika upya. Anza na jina langu."

Niliandika pale pale, juu ya ubao wa kukatia mboga, karatasi saba: ya Dorika, ya binti zangu wawili, ya binamu wa upande wa mama ambao anwani zao nilizijua, na moja ya shangazi zangu, hiyo aliitaka mwenyewe. Mstari wa kwanza katika zote ni mmoja: "Ugonjwa huu umeanzia kwa Abigaeli, mama yangu, naye aliupokea bila kujua." Chini yake ndiyo orodha. Usimeze salfa kabla ya kumwambia daktari habari hii. Dawa ya malaria, uliza kwanza. Dawa ya nondo isikae nyumba yenye mtoto mchanga. Mtoto akigeuka manjano, au mtu akikojoa maji meusi, usingoje kesho.

Mama hajui kuandika. Alitaka wino. Alitia kidole gumba, akakikandamiza kando ya jina lake kwenye karatasi zote saba, kama wenye viwanja walivyofanya siku ya kuonyeshwa mipaka yao. Amosi alikishika kile kidole cheusi, akakigeuza huku na huku, akacheka kwa sauti yake ambayo yeye haisikii.

"Hapo," Mama akasema, akipuliza karatasi ya mwisho ikauke. "Sasa bikoni hiyo mtu asiing'oe."